FIMBO YA TANO HAIMO KWENYE SHERIA



Kila mwaka vyuo vikianza kupeleka watu fildi, meseji zinaanza kumiminika kwenye magrupu yetu. Kamanda mmoja kapangiwa Kilolo, mwingine Mufindi ndani ndani, mwingine kaangukia shule ya hapa hapa mjini na anamshukuru Mungu kwamba nauli ni ya daladala tu. Iringa ni mji wa walimu. Tuna Mkwawa, ambayo tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tuna Kleruu, tuna RUCU, tuna Chuo Kikuu cha Iringa. Kaa kijiweni Kihesa na vijana watano, hukosi wawili waliosomea ualimu: mmoja bado yuko chuo, mwingine anasubiri ajira huu mwaka wa nne.

Kwa hiyo safari hii tahariri yetu inawahusu ninyi mnaokwenda kusimama mbele ya darasa. Inawahusu pia wengine wote, maana kila mmoja wetu aliwahi kukaa kwenye dawati.

Tuliuliza swali dogo kwenye grupu: sheria ya Tanzania inaruhusu mwanafunzi achapwe fimbo ngapi, na nani mwenye ruhusa ya kumchapa? Majibu yakaja. "Tatu." "Sita." "Inategemea na kosa." "Mwalimu wa nidhamu ndiye anajua." Kamanda mmoja akajibu, "Mpaka akili imkae sawa," na watu wakacheka. Hakuna aliyepatia maswali yote mawili, na kati ya waliojibu walikuwemo watu wenye shahada ya ualimu.

Hilo ndilo lililotufanya tukae chini tuandike. Mtu anakabidhiwa watoto wa watu, anakabidhiwa chaki na fimbo, lakini hajawahi kuonyeshwa karatasi inayosema mwisho wa mamlaka yake ni wapi.

SHERIA INASEMAJE

Tuanze na karatasi yenyewe. Chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 kuna Kanuni za Adhabu ya Viboko za 2002, Tangazo la Serikali namba 294. Ni fupi sana, unaweza kuzisoma ukisubiri chai. Zinasema hivi kwa ufupi.

Moja, viboko ni kwa makosa makubwa ya utovu wa nidhamu, au makosa mazito yanayoiaibisha shule. Kushindwa hesabu ya sehemu hakumo. Kuchelewa kwa sababu mtoto alipita kisimani kwanza hakumo. Kukosa michango hakumo.

Mbili, adhabu iendane na uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mtoto. Maana yake lazima kwanza umjue huyo mtoto. Ana sikoseli? Ana kifafa? Amekula jana?

Tatu, visizidi viboko vinne kwa mara moja. Ni mkononi, au makalioni akiwa na nguo zake. Kanuni za zamani za 1979 ziliruhusu sita, ndiyo maana wazee wetu bado wanasema sita. Mgongoni hapamo. Nyayo hazimo. Kofi la shavu halimo, teke halimo, kumvuta sikio halimo.

Nne, anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu wa shule kwa maandishi. Kwa maandishi, kamanda. "Ticha, kawanyooshe wale" iliyosemwa mlangoni mwa ofisi ya walimu si maandishi.

Tano, mwanafunzi wa kike anachapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike.

Sita, kila adhabu inaandikwa kwenye daftari: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko, jina la mwalimu aliyetoa adhabu. Na mkuu wa shule anatia saini.

Mwalimu anayekiuka hayo anastahili kuchukuliwa hatua za kinidhamu. Na haiishii hapo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha. Inasema pia kwamba hakuna kumrekebisha mtoto kunakokubalika kama kumezidi kiasi kulingana na umri na hali yake ya mwili na akili. Anayevunja sehemu hiyo anaweza kupigwa faini isiyozidi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Ukimjeruhi mtoto, Kanuni ya Adhabu inakusubiri kama inavyomsubiri mtu aliyempiga mwenzake baa. Na juu ya yote ipo Katiba, ibara ya 13, inayokataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kumtweza. Katiba haikusema "isipokuwa akiwa amevaa sare ya shule".

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Fimbo ya kwanza bila idhini ya maandishi haimo kwenye sheria. Fimbo ya tano haimo kwenye sheria, hata mkuu wa shule mwenyewe akiwa ndiye aliyeishika.

MBEYA, 2016

Mnaikumbuka ile klipu. Ilikuwa Oktoba 2016, ikasambaa kila simu. Ofisi ya walimu, Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya. Kijana wa kidato cha tatu yupo katikati, wanaume wamemzunguka, wanampiga makofi, mateke na fimbo kwa zamu. Unaangalia unajiuliza kama ni shule au ni mahabusu.

Waliokuwa wakimpiga hawakuwa walimu wakongwe waliochoka na maisha. Walikuwa walimu wa mafunzo kwa vitendo. Watu wa fildi, umri wetu, wa kizazi hiki hiki. Kilichoanzisha yote ni mambo ya darasani: kazi ya somo la Kiingereza, na mvutano wa adhabu uliofuata.

Serikali ilikuja juu haraka. Aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Mwigulu Nchemba, akaagiza wasakwe. Aliyekuwa Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanafukuzwa chuo. Mkuu wa shule akavuliwa madaraka. Watu mtandaoni wakapiga makofi, wengi wetu tukiwemo.

Hatuwatetei. Walichofanya ni kitendo cha kikatili, na yule kijana alistahili haki. Lakini baada ya makofi, nani aliuliza maswali yaliyobaki? Kwa kanuni tulizozitaja, mwanafunzi wa mafunzo hana fimbo yoyote bila idhini ya maandishi. Je, chuoni waliambiwa hivyo kabla ya kupanda basi? Siku walipofika shuleni, kuna mtu aliwaketisha akawaonyesha zile kanuni? Walimu wenyeji walikuwa wapi wakati haya yanatokea ndani ya ofisi yao? Na lile daftari, mara ya mwisho lilikuwa limeandikwa lini?

Bila ile klipu, siku hiyo ingekuwa siku kama nyingine. Hilo ndilo linalotisha zaidi. Wale vijana walibahatika vibaya, simu ilikuwa inarekodi. Ni ofisi ngapi za walimu hazikuwa na simu siku hiyo?

CHUNYA, 2019

Sasa sikiliza upande wa pili. Oktoba 2019, miaka mitatu tu baadaye, mkoa ule ule wa Mbeya. Shule ya Sekondari Kiwanja, wilayani Chunya, mabweni yaliungua na wanafunzi wakakutwa na simu. Mkuu wa mkoa wa wakati huo, Albert Chalamila, akafika shuleni, akashika fimbo, akawachapa wanafunzi 14 mbele ya kamera.

Rudi kwenye kanuni ya nne. Mkuu wa shule, au mwalimu mwenye idhini ya maandishi. Mkuu wa mkoa si mkuu wa shule. Mkuu wa mkoa si mwalimu wa shule hiyo. Hakuna mstari hata mmoja kwenye zile kanuni unaompa mkuu wa mkoa fimbo, awe na hasira kiasi gani, na kosa liwe kubwa kiasi gani. Kuchoma bweni ni jinai, na jinai ina polisi, ina mahakama na ina sheria ya mtoto anayekinzana na sheria.

Je, naye alifukuzwa? Alivuliwa madaraka? Siku chache baadaye Rais wa wakati huo, John Magufuli, alimpongeza hadharani.

Weka matukio hayo mawili kando kwa kando, kamanda, utaielewa nchi yako kuliko kwa kusoma ilani kumi. Mwanafunzi wa fildi akivunja kanuni ya viboko, anafukuzwa chuo. Mkuu wa mkoa akiivunja kanuni ile ile, anapewa hongera. Sheria inakuwa kali kwa mdogo na laini kwa mkubwa. Na walioshuhudia hayo yote kwa macho yao ni watoto wenyewe. Hilo lilikuwa somo la uraia, na halifutiki kwa dasta.

TUJIANGALIE NA SISI

Hapa tunajua tutawaudhi baadhi yenu.

Agosti 2024 vijana tulikuwa njiani kwenda Mbeya kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani. Mnajua kilichotokea. Polisi walikamata watu zaidi ya 500, viongozi wa kitaifa wakiwemo. Tulipaza sauti, na tulikuwa na haki ya kupaza. Tulisema: mtuonyeshe sheria gani tumevunja. Tulisema: nani alitoa amri, na amri hiyo iko wapi kwa maandishi. Tulisema: mtu hapigwi kwa sababu tu aliyeshika kirungu ana nguvu.

Halafu nenda kwenye kurasa zetu wenyewe, tafuta siku klipu ya mwanafunzi anachapwa inapowekwa. Soma maoni. "Sisi tulichapwa zaidi ya hapo na tumenyooka." "Watoto wa siku hizi wamedekezwa." "Ticha ongeza." Hao si watu wa chama tawala, makamanda. Ni sisi. Wengine wana picha ya bendera yetu pale kwenye profaili.

Huwezi kulaani kirungu barabarani na kushangilia fimbo darasani. Ni mti ule ule. Yule askari anayepiga kwanza na kuuliza baadaye hakushuka na mvua. Alisoma shule kama yako. Alijifunza mapema sana kwamba mwenye cheo haulizwi, kwamba ukiuliza "nimekosa nini" unaongezewa mbili za mdomo, na kwamba anayeumizwa ndiye anayepaswa kusema "asante mwalimu". Tulimfundisha miaka 11 au 13, kisha tunashangaa amefaulu.

Mmoja wa wanaoandika ukurasa huu alisoma shule ya kata ambako darasa moja lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 100. Siku ya mtihani wa wiki, mwalimu alisimama mlangoni: kila alama iliyopungua, fimbo moja. Hakuna daftari, hakuna idhini. Jirani yake wa dawati, msichana aliyelelewa na bibi yake, alikuwa dhaifu wa hesabu. Ijumaa ya tatu hakuja. Ijumaa ya nne hakuja. Baadaye wakasikia yuko Dar, dada wa kazi, umri wa miaka 14. Mwalimu aliita jina lake siku mbili tatu, akaweka alama ya mtoro, maisha yakaendelea.

Tunajua mkoa wetu. Tunajua ni watoto wangapi wa Iringa wanalea watoto wa watu Dar es Salaam. Tunajua wangapi wanabeba mbao Mufindi wakati wenzao wako kidato cha pili. Tunajua pia kwamba Ukimwi uliupiga huu ukanda wetu vibaya, na kuna watoto wengi waliolelewa na bibi na babu. Mtoto wa namna hiyo anayechelewa darasani, kabla hujamwita mtoro, kuna swali la kumuuliza. Hatusemi fimbo ndiyo sababu pekee ya watoto kuacha shule. Umaskini upo, mimba zipo, umbali upo. Lakini mtoto ambaye ana sababu tano za kutokuja shule, usiwe wewe ndiye unayempa ya sita.

"SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI"

Ndiyo, tunaijua. Kila tukiongea hili kuna mzee analeta methali hiyo, na tunaiheshimu. Ila hata methali yenyewe inasema kukunja. Haikusema kuvunja.

Agosti 2018, shule ya msingi Kibeta, Bukoba. Mtoto wa darasa la tano, miaka 13, alituhumiwa kuiba pochi ya mwalimu. Alipigwa mpaka akafa. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba pochi ilikuwa imesahaulika kwenye bodaboda. Machi 2019 Mahakama Kuu ikamtia hatiani mwalimu wa nidhamu kwa mauaji na kumhukumu kunyongwa.

Asubuhi ile yule mwalimu hakuamka akipanga kuua. Hilo ndilo tunalotaka mlione ninyi mnaokwenda fildi. Ukishaondoa kile kizuizi cha kanuni, yaani kosa kubwa, idhini, vinne na daftari, hakuna tena pa kusimamia. Hasira ndiyo inakuwa mizani. Daftari linamlinda mtoto, na linakulinda wewe pia. Mtu anayelazimika kwanza kwenda ofisini, kueleza kosa, kupata idhini, kufungua daftari na kuandika jina lake, akifika huko hasira imeshapoa nusu. Pengine amegundua pochi iko kwenye bodaboda.

MWALIMU SI ADUI YETU

Lazima tuseme na hili, tena kwa sauti. Mwalimu wa Tanzania amebebeshwa mzigo usiobebeka. Mwongozo wa serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule ya msingi. Uliza mwalimu yeyote wa darasa la kwanza au la pili huku vijijini kama amewahi kuwaona hao 45. Tangu elimu bila malipo ianze 2016, watoto wameingia kwa wingi, na ni jambo jema, tunaliunga mkono. Lakini huwezi kuongeza watoto bila kuongeza walimu kwa kasi hiyo hiyo, halafu ukashangaa mwalimu anaongoza darasa kwa fimbo. Fimbo imekuwa mbadala wa mwalimu wa pili ambaye hakuajiriwa.

Na huyo mwalimu wa pili yupo! Yupo kijiweni Kihesa anaendesha bodaboda, cheti kiko kabatini. Hiyo ndiyo siasa ya hili jambo. Kila fimbo inayopigwa kwenye darasa la watoto 100 ina alama za vidole za bajeti.

Lakini mzigo unaeleza, hausafishi. Daktari aliyechoka haruhusiwi kumpiga mgonjwa. Na wewe mwalimu, mshahara mdogo unadai kwa mwajiri wako, hudai kwenye mgongo wa mtoto wa mkulima wa Isimani.

UNAKWENDA FILDI? CHUKUA HAYA

Haya si mapya, walimu wazuri wa huku wanayafanya kila siku bila kamera.

Siku ya kwanza omba kuonyeshwa mambo mawili: kanuni za viboko na daftari la adhabu. Uliza kwa adabu, "Mkuu, naomba kuelekezwa utaratibu wa shule wa adhabu." Ukiambiwa hakuna, umeshajua uko wapi. Ukipewa fimbo bila maandishi, sema tu, "Mzee, chuo kimetukataza." Hakuna atakayekula nyama yako.

Wiki ya kwanza tunga sheria za darasa pamoja na wanafunzi. Zisizidi tano, ziandikwe ukutani. Mtoto anailinda sheria aliyoitunga. Jifunze majina. Mwalimu anayemwita mtoto kwa jina amemaliza nusu ya kelele. Anza kipindi na kazi ubaoni kabla hata hujasalimia, maana darasa lisilo na kazi linajitafutia kazi. Tembea kati ya madawati, usijifungie ubaoni.

Mtoto akikosea, ongea naye pembeni, si mbele ya wenzake. Akirudia, mpeleke kwa mwalimu wa malezi, muite mzazi. Andika. Adhabu ya kazi iwe ya kiasi na iwe salama. Kufyeka nyasi dakika 20 ni tofauti na kung'oa kisiki juani mpaka mtoto azimie. Usimtoe nje wakati wa kipindi akazurura, maana akigongwa na pikipiki barabarani saa nne asubuhi, aliyekuwa na dhamana naye saa nne hiyo ni wewe.

Na usidhani ukiacha fimbo umemaliza. Kuna ulimi. "Mbuzi wewe." "Kwenu wote vilaza." Kuna simu: ticha anamrekodi mtoto ambaye hajui kusoma, anamrusha TikTok watu wacheke. Huko nako ni kumtweza mtoto, tena kwa kidonda kisichoonekana. Na kuna lile ambalo halina mjadala wowote: mwalimu kumtaka mwanafunzi kimapenzi. Hilo si suala la nidhamu ya kazi peke yake, ni jela. Rushwa ya ngono imo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Ukimuona mwenzako anaelekea huko ukanyamaza, usituletee hadithi za uaminifu kwa washikaji.

NA WEWE ULIYEBAKI KITAA

Huna darasa, lakini una wadogo zako. Sheria ya Mtoto inasema mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Ni wajibu, si hisani. Yupo afisa ustawi wa jamii pale halmashauri. Ipo namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, unapiga bure.

Kuna pia jambo ambalo kila mzazi na kila kamanda anaweza kulifanya wiki hii. Shule ya msingi ina kamati, sekondari ina bodi, na kwenye vikao vya wazazi mtu yeyote anaruhusiwa kunyoosha mkono. Nyoosha. Uliza: "Mwalimu mkuu, daftari la adhabu la shule yetu lipo? Muhula huu limeandikwa mara ngapi?" Usitukane mtu, usiende na kamera ya kutafuta umaarufu, usimuaibishe mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Uliza tu, kisha subiri jibu. Kama watoto wanachapwa kila siku na daftari ni jeupe, jibu umelipata.

MSIMAMO WETU

Sisi kama vijana tunasema yafuatayo, na tunataka chama chetu kiyasikie kabla ya serikali.

Kwanza, kanuni zilizopo zifuatwe leo, na zianze na wakubwa. Mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mbunge au diwani anayeshika fimbo shuleni achukuliwe hatua kama yule wa fildi. Hata akiwa wa chama chetu. Hasa akiwa wa chama chetu.

Pili, vyuo vyote vya ualimu viwape wanafunzi kanuni hizo mkononi kabla ya fildi, na viwapime.

Tatu, walimu walioko mtaani waajiriwe.

Nne, tuanze mjadala wa kuondoa kabisa viboko shuleni. Kenya waliviondoa 2001. Uganda wakavikataza kwa sheria 2016. Tunajua kwamba huko nako bado kuna walimu wanaochapa kwa siri, sheria peke yake haimalizi kazi. Lakini huko mzazi akienda mahakamani, sheria iko upande wake. Hapa kwetu mzazi anaanza kwa kubishana kama zilikuwa nne au tano.

Tunajua hoja hii ya nne itatupunguzia kura za wazee kadhaa. Sawa. Chama kinachotaka kuiongoza nchi kwa sheria hakiwezi kuogopa kusema kwamba sheria inaanzia darasa la kwanza, kwa mtoto wa miaka sita, mbele ya mtu mzima wa kwanza mwenye mamlaka juu yake ambaye si mzazi wake.

Makamanda mnaokwenda fildi, safari njema. Bebeni sweta, huko Kilolo na Mufindi baridi haina chama. Siku mkifika, ombeni lile daftari. Kisha mtuandikie mtuambie mmekuta nini.

Aluta continua.